Mwanangu alipewa kikombe cha wafanyakazi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 43, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Babu yangu alikuja na jahazi kutoka Gujarati. Mimi nilizaliwa Upanga, hapa Dar es Salaam, na mpaka leo naishi Upanga, na mume wangu ni wa jamii yetu. Tulikaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto. Tulihangaika hospitali za hapa na za India, pesa ikaisha, na mwishowe tukakubaliana kuasili.

Neema (nimembadilishia jina, ila hata lake halisi ni la Kiswahili, alipewa na nesi) tulimkuta makao ya watoto akiwa na miezi minane. Aliachwa zahanati akiwa na siku mbili. Tulianza kwa malezi ya kambo, maafisa ustawi wa jamii wakawa wanakuja nyumbani kutukagua, kisha Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuasili. Siku ile nililia mpaka wakili akatoka kunitafutia maji. Sasa ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Kigujarati anakiongea vizuri kuwashinda watoto wa shemeji zangu. Ni mweusi, sisi tuna rangi yetu, na nyumbani kwetu hatuoni rangi. Mume wangu husema yeye alikulia kwenye "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja", kwa hiyo mambo ya nani mweusi nani mweupe hayazungumzwi mezani kwake. Niliamini hiyo inatosha.

Nje haitoshi, Shangazi. Tukienda soko la Kisutu, muuzaji anamkabidhi Neema mfuko na kumwambia, "Haya dada, mbebee bosi wako." Mlinzi wa jengo anakoishi rafiki yake alimwelekeza ngazi za nyuma, za watumishi. Kwenye foleni ya daktari mama mmoja aliniuliza, mtoto akisikia, "Huyu mmemnunua shilingi ngapi?" Shuleni wanamwita Mhindi wa Mkaa. Watu weusi wanadhani nimemchukua awe mtumishi wangu, na watu wangu wanadhani nimeingiza mtumishi kwenye ukoo.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mama mkwe kula chakula cha mchana, kama kila Jumapili. Kwake, kama kwenye nyumba nyingi za kwetu, wafanyakazi wana vyombo vyao: sahani ya bati na kikombe cha plastiki cha bluu, vinakaa kwenye karo la uani. Watoto waliingia kutoka kucheza, wote jasho. Baa (ndivyo tunavyomwita bibi) akawamiminia wajukuu zake wanne maji kwenye glasi. Glasi zilikuwa nyingi tu kabatini. Kisha akanyoosha mkono dirishani, akachukua kile kikombe cha bluu, akampa Neema. Mwanangu akanywa. Akakiosha. Akakirudisha uani, akakifudikiza mahali pake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema neno.

Sasa kuna harusi ya binti wa shemeji yangu mwezi wa kumi na mbili. Mabinti wa ukoo watavaa chaniya choli (sketi na blauzi za Kigujarati) za rangi moja na kutangulia mbele ya bibi harusi wakiwa na sinia za maua. Baa amesema ndugu wanakuja kutoka Leicester na Toronto, wageni watauliza maswali, basi ni vizuri Neema akae na dada wa kazi awasaidie watoto wadogo. Mume wangu anasema, "Mama ni mzee, tumvumilie." Neema mwenyewe aliposikia alisema, "Mama, sawa tu, nitakaa na dada."

Wiki mbili zilizopita nilimkuta bafuni usiku amejipaka manjano yaliyochanganywa na maziwa, uso mzima mpaka shingoni. Kwetu bibi harusi hupakwa manjano kabla ya harusi ili ang'are. Nilimuuliza anafanya nini. Akajibu, "Nikipaka mpaka mwezi wa kumi na mbili nitafanana na nyinyi, halafu Baa atanikubalia niwe kwenye picha."

Nilimwosha, nikamwambia yeye ni mzuri kama alivyo, nikamlaza. Tangu hapo silali. Nimwache abaki nyumbani siku ya harusi asiumizwe? Ndugu yangu wa Toronto anasema tuhamie kule. Na siku hizi Neema anauliza mama aliyemzaa yuko wapi, nami sijui nianzie wapi. Kuna usiku najiuliza kama nilimkosea kwa kumchukua. Jumapili hii tunatakiwa kwa Baa tena.

Mama wa Upanga

*

Marahaba, Mama Neema.

Nimekuita hivyo kwa kuwa hapa mjini mwanamke akishapata mtoto, jina lake kwa majirani, dukani na hata msibani ni la mwanawe. Sijui kama kuna mtu yeyote amewahi kukuita Mama Neema katika miaka hii kumi. Kama hakuna, basi mtoto wako hajawahi kusikia mtu wa nje akitamka kwamba wewe ni wake. Waanze walimu, aanze mlinzi wa jengo lenu, aanze muuza mboga wa Kisutu. Akikwambia "bosi", mjibu papo hapo, Neema akisikia: "Mimi ni Mama Neema, na huyu ndiye Neema." Usitabasamu ukapita.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mtoto alipokirudisha kikombe mahali pake. Hakuna aliyemwelekeza kile kikombe kinakaa wapi. Alikuwa anajua. Maana yake amekuwa akiangalia muda mrefu, Jumapili baada ya Jumapili, nani ananyweshwa kwa chombo gani, na amekwisha kujipangia yeye yuko upande upi.

Unasema nyumbani kwenu "hatuoni rangi". Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wewe na baba yake mmechagua kutoiona. Neema hana nafasi hiyo, kwa sababu muuzaji anaiona, mlinzi anaiona, Baa anaiona, watoto wa darasa la nne wanaiona. Kwa hiyo katika nyumba yenu kuna mtu mmoja tu anayebeba jambo la rangi, naye ana miaka kumi, na amejifunza kwamba halizungumzwi mezani. Ndiyo maana alikwenda nalo bafuni, usiku, na bakuli la manjano.

Miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwawekea watoto wadogo wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Waliwauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe? Watoto wengi weusi walisema mzuri ni yule mweupe. Swali la mwisho lilipofika, wapo walioangua kilio na wapo waliotoka mbio chumbani. Kazi hiyo ilitajwa mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za serikali. Mtoto huokota somo kwenye jinsi dunia inavyogawa vitu, hata kama hakuna mtu aliyemkalisha kumfundisha, na wa kwako ameliokotea kwenye kabati la glasi.

Mwambie baba Neema kwa heshima zote kwamba ile ahadi ya TANU anayoinukuu haikuandikwa ili watu wanyamaze. Oktoba 1961, Uhuru ukiwa karibu kabisa, walikuwapo wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Nyerere hakusema "tusizungumze rangi". Alisimama akaizungumza kwa ukali, mbele ya wenzake wa chama, akakataa uraia ufungwe kwenye ngozi. Familia ya mumeo inaishi hapa kama raia kwa sababu kuna mtu alikubali kuudhi watu wake mwenyewe hadharani. Sasa ni zamu ya mumeo, na baraza lake ni sebule ya mama yake.

Nasema zamu ya mumeo, si yako. Mkwe akisema, itakuwa "yule mwanamke ametuletea maneno". Mtoto wa kuzaa akisema, mama atasikia. Aende peke yake, katikati ya wiki, si Jumapili mbele za watu. Amwambie hivi: "Mama, Neema ni mwanangu. Kikombe ulichompa umenipa mimi. Kwenye harusi tutakuja watatu na Neema atavaa kama mabinti wengine, au hatutakuja hata mmoja." Akishasema asianze kubembeleza. Mama akilia, akae naye alie, lakini neno lake asilirudishe.

Siandiki haya kwa kumchukia mama mkwe wako. Kama yuko kwenye miaka ya sabini au themanini, amezaliwa katika Dar es Salaam iliyogawanywa kwa ramani: Wazungu Oyster Bay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi makusudi uwe mpaka. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila mmoja kwake, mpaka zilipounganishwa baada ya Uhuru. Baa alifundishwa mapema sana nani anakunywa kwa chombo gani. Huyo ndiye mtu anayehitaji kuambiwa waziwazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Uzee si sababu ya kumwacha amalize maisha yake bila kumjua mjukuu anayeongea Kigujarati kuliko wenzake.

Na hili la damu haliishii kwenye rangi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano, nikalelewa na mama mdogo Magomeni. Rangi moja, ukoo mmoja. Bado ndugu za mume wake waliniita mtoto wa kufikia, na Idi ikikaribia kitambaa kilikatwa kwanza kwa watoto wenyewe, mimi nikashonewa kilichobaki. Mwaka mmoja, sijui alikuwa amechoka na nini, mama mdogo alikitandika kitambaa sakafuni mbele ya wifi zake wote akaanza na gauni langu. Leo nina miaka 61. Ningeweza kukuchorea maua ya kile kitambaa.

Kwa hiyo swali la harusi nalijibu: hapana, usimwache abaki. Neema alisema "sawa tu" ili kukulinda wewe. Mtoto wa miaka kumi asipewe uamuzi wa kujitoa kwenye ukoo wake ili watu wazima wapumzike. Mnakwenda wote au mnabaki wote, na mkibaki, mwambieni sababu kwa lugha nyepesi, msimfiche kwa kisingizio cha homa.

Kabla ya yote hayo, leo usiku, una deni kwake. Kaa naye kitandani umwambie: "Siku ile kwa Baa nilikiona kikombe. Baa alikosea. Mimi nilikosea zaidi kwa kunyamaza, kwa sababu mimi ni mama yako. Hukufanya kosa lolote." Atanyamaza, au ataanza kuongea habari za paka. Usimlazimishe. Akirudi na mengine baada ya siku tatu, la Mhindi wa Mkaa au la mlinzi, usiseme "usiwasikilize". Muulize aliumia wapi. Kisha nenda shuleni ukakae na mwalimu wa darasa. Mtoto kuitwa hivyo kila siku ni unyanyasaji, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa rangi au kwa kuzaliwa kwake.

Hayo manjano yasipoangaliwa yana ndugu zake. Mtoto anayetaka kung'ara kwa manjano akiwa na kumi, akifika kumi na nne atauziwa mkorogo uchochoroni, na unajua vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinadhuru ngozi na figo. Kumwambia "wewe ni mzuri kama ulivyo" ni vyema, lakini maneno ya mama mwenye rangi nyingine hayafiki mbali. Anahitaji kuuona huo uzuri kwa watu wanaofanana naye.

Hapa nitakuuliza jambo gumu. Hesabu watu wazima weusi ambao Neema anawaona kwa karibu kila wiki. Dada wa kazi. Dereva. Mlinzi. Mpishi wa Baa. Kuna mwingine? Kama kila mtu mzima mwenye rangi yake anamwona akihudumia watu wenye rangi yako, basi kikombe cha bluu kilikuwa na mantiki machoni pake. Hao wafanyakazi ni watu wa heshima, na dada wenu huenda anampenda Neema kuliko shangazi zake wanavyompenda. Ila mtoto anahitaji pia daktari mweusi, mwalimu wa muziki mweusi, na rafiki yako wewe, wa kwako kabisa, anayeingia kwa mlango wa mbele akaketi kwenye kochi na kunywa chai kwenye vikombe vya wageni. Una miaka 43 mjini hapa. Kama huna rafiki wa namna hiyo, anza kumtafuta kwa ajili yako mwenyewe kabla ya kwa ajili ya mtoto. Na dada wa kazi naye, kwenu nyumbani, anakunywa kwa glasi gani? Anza hapo, hapo huhitaji ruhusa ya mtu.

Nywele je, hukuzitaja. Nina wasiwasi zimenyolewa au zimetiwa dawa. Vuka Mnazi Mmoja, nenda naye kwa msusi Kariakoo, Jumamosi, na usimwache pale ukaenda kununua vitu. Kaa naye saa zote tatu. Jifunze kuchana na kupaka mafuta, jifunze mabutu na twende kilioni. Wanawake watakuuliza maswali, mengine ya kuudhi. Jibu kwa kifupi: "Ni binti yangu." Nanyi wasomaji wangu mnaokaa kwenye saluni hizo, nawaomba kwa dhati: mkimwona mama Mhindi na mtoto mweusi, msiulize kamwokota wapi au kamnunua bei gani. Mtoto ana masikio. Wengi wetu tumepita mbele ya makao ya watoto maisha yetu yote bila kuingia.

Kama ulimkosea kwa kumchukua? Swali hilo lina historia. Mwaka 1972 chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi weusi wa Marekani kilitoa tamko zito la kupinga watoto weusi kulelewa na familia za weupe. Baadaye, mwaka 1994, sheria ya nchi hiyo ikaelekea upande mwingine, ikakataza mtoto kucheleweshewa familia kwa sababu ya rangi. Sikubaliani na wale wa 1972 kwamba wewe usingestahili. Ila walihofia jambo la kweli: ni nani atamfundisha huyu mtoto kuishi ndani ya ngozi yake? Watoto wengi wa Korea waliopelekwa Ulaya na Marekani baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953 sasa ni watu wazima, na miongoni mwao wapo wanaosimulia kwamba walipendwa sana, lakini kioo ndicho kilichowashtua, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kuwaambia wao ni akina nani. Hukumkosea kwa kumchukua. Utamkosea ukimlea kana kwamba kioo hakipo.

Toronto sahau. Hapa ndipo barabara nzima inafanana naye. Kule angebaki peke yake zaidi.

Kuhusu mama aliyemzaa, anza na ulichonacho: zahanati, siku mbili, nesi aliyempa jina. Usimpambie mama huyo na usimtukane, wala usiseme "alikutupa". Sema, "Alikuacha mahali ambapo alijua utapatikana na kutunzwa. Kwa nini, sijui." Kutokujua nako ni jibu, mtoto anaweza kulibeba mkilibeba pamoja. Mpelekeni akaione ile zahanati akitaka.

La makaratasi nalipitia haraka. Amri ya Mahakama Kuu imemfanya Neema mtoto wenu kama mliyemzaa ndani ya ndoa, na hakuna ndugu wa Leicester anayeweza kuitengua. Hakikisheni mna nakala yake na cheti chake cha kuzaliwa kilichotokana na kuasili. Hata hivyo andikeni wosia, kila mmoja wake. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na kuhifadhi. Maneno ya "huyu atarithi nini" huanza siku ya arobaini, wazazi ambao wangejibu wakiwa hawapo tena.

Sasa Jumapili. Kama baba Neema hajazungumza na mama yake kufikia Jumamosi jioni, msiende. Pikeni kwenu. Kama amezungumza, nendeni. Watoto wakiingia wana kiu, tangulia wewe jikoni. Fungua kabati, toa glasi tano zinazofanana, zimiminie maji mbele ya Baa, na ya kwanza mpe Neema.